Nilivyoandika Kwamba Nyaboke Amekubali

Mlango ule ulimchukua Ratemo siku nne. Asubuhi nilimwacha akipiga randa uani nikaenda shuleni, na jioni niliporudi nilimkuta bado anapiga randa. Mbao za saiprasi zilikuwa zimelainika, naye anazipapasa kwa kiganja akitafuta mahali palipobaki na vibanzi. Kabati la vyombo aliloniahidi tulipooana lilikuwa bado mbao tano zilizoegemezwa ukutani nyuma ya jiko, na kuku walikuwa wamezizoea.

Mlango haukuwa wetu. Ulikuwa wa Nyaboke, mjane wa Machogu, kaka yake Ratemo. Machogu alikufa kwa nimonia mwanzoni mwa mwaka huo wa 1972, akamwachia mkewe watoto watatu, mkubwa wao Bochaberi, na ekari tatu za chai na migomba. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa miti tu. Kuku wake walikuja kwetu, na kicheko chake pia kilikuja kwetu.

"Mjane hawezi kulala nyuma ya mlango unaoyumba," Ratemo aliniambia.

"Sijasema kitu."

"Lakini umenuna."

"Sijanuna. Nasahihisha madaftari."

Mimi si mtu wa maneno. Chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, mwalimu wa kwaya aliniweka safu ya nyuma kabisa kisha akasahau kwamba nipo. Neno likinipanda kooni hurudi chini, na likirudi chini halifi, linakaa humo. Kwa hiyo sikumwambia Ratemo kwamba nilikuwa nikitazama viatu vyake akirudi, nione kama vina udongo wa kijia cha kwa Nyaboke, ambao ni mwekundu kuliko wetu. Sikumwambia kwamba nilinusa shati lake kabla ya kulifua. Nikiwa darasani, upepo ukiwa mzuri, nilisikia nyundo yake ng'ambo ile, na nilipoacha kuisikia nilikosea hesabu ubaoni, watoto wakanisahihisha.

Nilimwonea Nyaboke wivu kwa mambo mengi. Aliweza kuchuma chai kwa mikono miwili huku akisimulia hadithi. Alikulia Kericho, kwenye kambi za mashamba ya chai ambako baba yake alikuwa kibarua, akajua Kiswahili cha watu wa kila kabila, Kiswahili kisichojua shule lakini kisichokwama. Alikuwa na watoto watatu. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya ndoa na kitambaa cha meza nilichodarizi mwenyewe.

Siku ya kuuweka ule mlango, Orpah jirani yetu alipita akaniona nimesimama uani.

"Mwalimu! Mlango mzuri ule. Mumeo anajua kazi."

"Anajua."

"Lakini wako bado ni ule wa mabati?" Akacheka, akanigusa bega. "Usijali. Seremala huanza na kazi za nje."

*

Hapo kwetu tulikuwa na baraza la ukoo, na mimi ndiye niliyekuwa karani wake.

Baraza lilikuwa wazo la Mzee Manasseh, mzee wa kanisa, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa amechoka kuona watu wa ukoo mmoja wakipelekana mahakamani Kisii kwa ajili ya ng'ombe na mipaka. Kesi inaahirishwa mara sita, mashahidi wanachoka, na wenye kesi wanarudi nyumbani katika basi moja bila kusalimiana. Akawakusanya wazee wanne wengine, akiwemo baba mkwe wangu, Mzee Nyasani. Wakakubaliana kwamba mtu wetu yeyote atakayekimbilia mahakamani kabla ya kuja kwao, akijenga nyumba hatasaidiwa kukandika, na akifiwa atachimba kaburi peke yake.

"Hakimu anajua sheria," Mzee Manasseh alipenda kusema, "lakini hamjui mtu. Sisi tunamjua mtu, na baba yake, na tabia ya babu yake. Tutamhukumu vizuri zaidi. Siku moja mahakama ile itageuzwa ghala la pareto."

Walikutana kila Jumapili katika banda la kupimia majani ya chai, kwa kuwa siku hiyo majani hayapimwi. Walikaa kwenye mabenchi ya wachumaji, mizani ikining'inia katikati. Mimi nilipewa meza ndogo kando, nikakaa kiubavu, nisitazamane nao. Walinitaka kwa ajili ya mwandiko wangu.

Na baraza lilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Ng'ombe wa Angwenyi walipoingia katika kabichi za Orpah wakazimaliza, mahakama ingechukua mwaka. Baraza lilichukua asubuhi moja. Orpah aliongea mpaka akapiga chafya, Angwenyi akasema kabichi zenyewe zilikuwa zimeoza, wazee wakaenda wote kuziangalia. Ikaamuliwa Angwenyi amlimie shamba lile na kulipanda upya. Walipomaliza walikula pamoja, na Orpah mwenyewe ndiye aliyempakulia Angwenyi. Niliandika hayo yote kitabuni nikajiona ninaandika jambo jema. Niliamini kwamba watu wanaopendana hawahitaji serikali.

Kitu kimoja sikukifikiria, na sidhani kama wazee walikifikiria. Sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni, hawapeani mkono, wala mbele yake hataji lolote linalogusa kitanda, hata kwa kuzunguka. Na baba mkwe si mmoja. Kila mwanamume wa rika lake katika ukoo ni baba mkwe wako. Wazee wote watano wa baraza walikuwa baba zetu. Kwa habari ya kabichi tuliweza kuongea mbele yao mpaka jua lizame. Kwa habari nyingine hatukuwa na midomo.

*

Shauri la shamba la Machogu lililetwa mwezi wa nane. Shamba lilikuwa limeandikishwa kwa jina la marehemu, na lilitaka jina jipya. Nyaboke alikuja na leso safi kichwani, akaketi chini kando ya mlango, macho ardhini kama inavyopasa. Ratemo alisimama nyuma kabisa.

Mzee Manasseh alifungua kwa sala. Kisha akasema kwamba jambo lenyewe ni jepesi.

"Machogu ametutoka. Watoto ni wadogo. Mwanamke peke yake na shamba ni kama kuku na mwewe. Tunaona shamba liandikwe kwa jina la Ratemo mpaka watoto wakue, na Ratemo aitunze nyumba ya ndugu yake."

Akakohoa. Mabenchi yakalia. Kanisa letu halikubali wake wawili, na Mzee Manasseh, mzee wa kanisa, alikuwa amelitafuta neno lile "aitunze" kwa uangalifu sana. Kila mtu bandani alijua lina nini ndani yake. Baba mkwe wangu aligeuka akatazama mizani.

"Nyaboke, mwanangu," Mzee Manasseh akasema, "umesikia. Unakubali Ratemo aitunze nyumba?"

Nilishika kalamu. Sikuwahi kumwangalia mtu kwa jicho la pembeni kama nilivyomwangalia Nyaboke wakati ule. Hakuinua kichwa. Alikuwa akikunja ncha ya leso, anaikunjua, anaikunja tena. Nje kuku walipiga kelele.

"Ukinyamaza tutajua umekubali," akasema mzee mwingine kwa upole.

Nyaboke alinyamaza.

Mimi ni mke wa ukoo ule ule. Nilijua, kuliko mwanamume yeyote mle bandani, kwamba hakuwa na jibu la kutoa. Akisema "ndiyo" mbele ya baba mkwe wake, ametaja kitanda. Akisema "hapana," ametaja kitanda. Ningeweza kusimama niseme: wazee wangu, mtumeni mwanamke mwenzake akamwulize kando. Ningeweza hata kujituma mwenyewe. Hatua sita tu.

Sikusimama. Niliona ule mlango wa saiprasi. Niliona viatu vyenye udongo mwekundu. Nikasema moyoni, hakika amekubali, amekubali zamani, na leo dunia yote itaona kwamba sikuwa nimechanganyikiwa. Ni jambo la ajabu, lakini nililitaka lile lililoniumiza liwe kweli. Mwenye wivu akikosa ushahidi huona afadhali apate hasara, mradi apate na ushahidi.

"Andika, Mwalimu," akasema Mzee Manasseh.

Nikaandika, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote: *Nyaboke aliulizwa mbele ya baraza, akakubali.*

*

Watu wa ofisi ya ardhi hawakubali kitabu cha baraza. Walitaka barua ya mahakama kwamba warithi wamejulikana. Mzee Manasseh hakufurahi, lakini akasema ni kupigiwa muhuri tu, hakimu atasoma karatasi yetu aone kazi imekwisha kufanywa na watu wenye akili. Ijumaa moja tukaenda Kisii sote: Mzee Manasseh, baba mkwe wangu, Ratemo, Nyaboke, na mimi nikiwa na nakala ya karatasi ndani ya bahasha.

Hakimu alikuwa mtu wa Taita, mwenye miwani, ambaye hakumjua yeyote kati yetu wala babu zetu. Alisoma karatasi. Akaisoma tena.

"Nani ameandika hii? Mwandiko mzuri."

"Ni mke wa mwanetu," Mzee Manasseh akajibu kwa fahari. "Mwalimu. Amesoma chuo."

"Mwalimu, simama."

Nikasimama.

"Umeandika hapa kwamba huyu mama aliulizwa akakubali. Alikubali kwa maneno gani?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu wanaongoja kesi zao. Nilijua nikisema "alisema ndiyo," muhuri utapigwa, twende nyumbani, na Ratemo awe na nyumba mbili kwa mkono wangu. Nikisema kweli, Nyaboke ataulizwa upya, na jibu litatoka hadharani, nami nitakuwa nimesimama pale nikilisikia. Miezi saba nilikuwa nimelikimbia jibu hilo. Nilimwangalia Ratemo. Alikuwa anaangalia dirisha.

"Hakusema neno, mheshimiwa."

"Aliitikia kwa kichwa?"

"Hapana. Aliangalia chini."

"Na wewe ukaandika amekubali."

"Wazee waliniambia niandike."

"Nakuuliza wewe, Mwalimu."

"Ndiyo," nikasema. "Niliandika."

Mzee Manasseh alivuta pumzi kwa nguvu. Hakimu akavua miwani, akamgeukia Nyaboke. "Mama, sema mwenyewe. Unataka nini?"

Nyaboke akasimama. Akajibu kwa kile Kiswahili chake cha Kericho.

"Nitasema, bwana hakimu. Lakini kwanza mzee wangu huyu atoke. Na yule mwingine pia. Wote ni baba zangu."

Watu wakacheka. Hakimu hakuelewa. Mkalimani wa mahakama, aliyekuwa Mgusii, akainama akamnong'oneza kwa muda. Hakimu akaitikia kwa kichwa.

"Wazee, tafadhali, kaeni nje kidogo mpate hewa."

"Mimi ni mwenyekiti wa baraza!" Mzee Manasseh akasema. "Nimeliamua shauri hili mwenyewe!"

Lakini baba mkwe wangu hakumngoja. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni, kofia mkononi, akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Ikabidi Mzee Manasseh amfuate.

Walipotoka, Nyaboke aliinua uso. Nilikuwa sijamwona akiongea na wanaume usoni. Alikuwa mzuri, na hata hapo niliuona uzuri huo kwa uchungu.

"Mimi sitaki kutunzwa," akasema. "Machogu alinitunza, akafa, basi. Chai nachuma mwenyewe, migomba napalilia mwenyewe. Nataka shamba liandikwe jina langu niwalee watoto. Huyu Ratemo ni shemeji mzuri akija na nyundo. Lakini alikuja bila nyundo."

Chumba kizima kikaguna. Hakimu akagonga meza.

"Alikuja mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwanza nikamwambia, rudi, mkeo amepika. Ya pili nikafungua ule mlango alionitengenezea mwenyewe, nikammwagia maji ya vyombo."

Walicheka mpaka askari akasimama. Nilikumbuka shati lililorudi limelowa, lenye mafuta na punje ya wimbi kwenye ukosi. Nililifua mimi. Aliniambia ni mvua.

"Ratemo," hakimu akasema, "una la kumjibu?"

"Sina," akajibu mume wangu.

Hakimu aliandika kwa dakika chache. Shamba likaenda kwa Nyaboke kwa ajili ya watoto mpaka wakue, na barua itapelekwa ofisi ya ardhi. Hakuniuliza mimi naonaje. Hakumuuliza Ratemo kwa nini. Hayo hayakuwa katika faili. "Kesi inayofuata," karani akaita, na watu wawili wa Nyamache wakasukumana kupita mbele yetu.

*

Nje, wazee walikuwa wameketi kwenye nyasi.

"Amesema nini?" Mzee Manasseh akamwuliza Ratemo. Ratemo akaangalia viatu vyake. "Nyaboke, umesema nini?" Nyaboke naye akaangalia chini, leso mkononi, kama hajawahi kufungua kinywa maishani. "Mwalimu! Wewe ulikuwa humo."

"Shamba ni la Nyaboke, Tata," nikasema, nikimwita baba.

"Kwa sababu gani?"

Nilitafuta neno ambalo mke anaweza kumpa baba mkwe, sikuliona. "Sababu ziko kwenye faili."

"Mnaona!" Akawageukia watu wote waliokuwa kwenye nyasi, hata wasiotujua. "Mnaiona serikali? Inachukua kazi ya watu watano wenye mvi, inaivunja, halafu haisemi kwa nini! Ndiyo maana nasema mahakama haifai kitu." Akanigeukia mimi. "Jumapili ijayo nataka hukumu hii iwe kitabuni, pamoja na sababu. Utafute hiyo sababu."

Baba mkwe wangu alikuwa akichuma nyasi moja moja. Nadhani yeye aliijua, na alikuwa akimshukuru Mungu kwamba hakuna atakayemwambia.

Kulikuwa na bomba kando ya ukuta. Nyaboke alienda kunawa, nami nikamfuata bila kujua nitamwambia nini.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Nikuulize. Ungekuwa mimi, ukaulizwa vile bandani, mbele ya mzee, ungejibu nini?"

"Ningenyamaza."

"Na ukaandika nini?"

Nilinyoosha mkono nikafunga bomba.

"Wao ni wanaume, sikuwalaumu. Wamezaliwa hawajui. Lakini wewe ulijua. Nilikusubiri. Nilisema, Mwalimu ataweka kalamu chini aje aniulize kando. Nilikunja leso mpaka ikachakaa."

"Nilikuwa na wivu, Mama Bochaberi," nikasema. Neno lilitoka dogo sana, lakini lilitoka.

Akageuka akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Wivu wa nini? Wa yule?" Akamwonyesha Ratemo kwa kidevu, aliyesimama peke yake mbali na kila mtu, mikono mifukoni. Kisha akacheka kile kicheko kilichokuwa kikiruka ua wetu. "Mchukue, mama. Mchukue na kikapu chake cha randa na nyundo. Mimi nilikuwa nalilia shamba, wewe unalilia seremala!"

"Lakini hakimu yule humjui…"

"Simjui hakimu. Ndiyo maana nilisema. Mtu asiyenijua nitamwonea haya gani?" Akakausha mikono kwa gauni. "Lakini yeye pia hanijui. Umeona? Amenipa shamba na hajaniuliza hata watoto wangu majina. Wazee wangeuliza."

Akaenda. Nami, badala ya kupona, nikamwonea wivu mpya: si kwa kuwa na mume wangu, bali kwa kutomtaka. Alitembea kuelekea stendi akiwa mwepesi kabisa, na mimi ndiye niliyebaki na mzigo wote.

*

Jumamosi kanisani, maana sisi ni Wasabato, niliimba bila kusikia sauti yangu. Ratemo alikaa upande wa wanaume, akarudi nyumbani mbele yangu. Hatukuwa tumesema neno la maana tangu Kisii.

Jumapili asubuhi nilitandika meza, nikaweka kitabu cha baraza na kalamu. Nikaandika kwanza lililo langu: *Mahakama ya Kisii imempa Nyaboke shamba, kwa sababu hakuwahi kukubali. Karani aliandika asichokisikia. Kosa ni la karani.* Nililisoma mara mbili. Lilikuwa kweli, na lingeweza kusomwa mbele ya baba mkwe. Nilijua Mzee Manasseh angeninyang'anya kitabu siku hiyo hiyo, na mwandiko wangu usinisaidie.

Kisha nikachukua karatasi nyingine, ya peke yake, nikamwita Ratemo.

"Keti."

Akaketi upande wa pili. Aliona kalamu.

"Unataka kuyaandika mambo yale kwenye kitabu cha wazee?"

"Hapana. Wazee siwezi kuwaambia. Hakimu hayamhusu. Nimefikiria nikupeleke wapi, sijaona mahali. Kwa hiyo utayasema hapa. Sema, niandike."

"Abigael. Lilikuwa jambo dogo. Halikutokea kitu."

"Halikutokea kwa sababu ya maji ya vyombo. Sema."

Alijikuna mkono. Alisema ni wazee waliomtia maneno, baba yake alikwisha kudokeza tangu mazishi. Nikaandika. Alisema walizungumza tu. Nikaweka kalamu chini.

"Usiseme mlizungumza. Sema ulichosema wewe."

"Sikumbuki."

"Nina siku nzima."

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Haikuwa kubwa, lakini haikurudi chini. Ratemo alinitazama kama mtu aliyefungua droo aliyoitengeneza mwenyewe akakuta ndani kitu asichokiweka. Muda mrefu ukapita. Sikuandika kitu katika muda ule. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kutouandika ukimya kama jibu.

"Nilimwambia yeye ni mpweke na mimi ni mpweke," akasema hatimaye.

Nikaliandika neno hilo. Liliuma mahali pale pale palipokuwa pakiuma tangu siku za mlango, ila sasa lilikuwa na umbo, na ukubwa wake, na mwisho wake.

"Endelea."

"Nilimwambia kwamba mke wangu ananinyamazia. Narudi nyumbani ananitazama viatu, hanitazami uso. Nikimwuliza ana nini ananiambia anasahihisha madaftari. Nilimwambia nimehukumiwa kwa kosa ambalo sijalifanya, na sijui hata nani aliyenishtaki."

"Kwa hiyo ukaenda kulifanya."

"Kwa hiyo nikaenda kulifanya," akasema. "Mara mbili."

Nilitaka kuliacha lile la viatu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, na karatasi ilikuwa yangu. Nilichovya kalamu, nikangoja wino utulie, kisha hilo nalo nikaliandika, kama alivyolisema.